Kupiga Windows 11 kwenye mashine iliyokataliwa

Aliyeisoma ile taarifa kwanza si mimi, ni mwalimu mstaafu mmoja ambaye ni mteja wangu wa siku nyingi. Nilikuwa nimemgeuzia skrini ahakiki majina kwenye barua yake ya mgogoro wa kiwanja, mara barua ikafunikwa na tangazo la Microsoft lililojaa skrini nzima: huduma ya Windows 10 inafikia mwisho. Akashusha miwani, akasoma taratibu, kisha akanitafsiria kana kwamba mimi ndiye sijui kusoma.

"Kijana, hii kompyuta yako inastaafishwa. Mwisho tarehe 14 Oktoba."

"Naona, mwalimu."

"Ina miaka mingapi?"

"Kama tisa hivi. Kwangu ina minne."

Akatikisa kichwa. "Mimi walisubiri nifike sitini ndiyo wakanipa barua. Hii wameipa barua hata shule ya msingi haijamaliza."

Nikabonyeza "nikumbushe baadaye", nikamprintia barua yake, akalipa, akaenda zake. Hiyo "baadaye" nilikuwa naibonyeza tangu mwaka uliotangulia. Lakini siku hiyo, Septemba 2025, maneno ya mzee yalibaki mezani.

Nina stesheneri ndogo Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Kutoa kopi, kuchapa, kuskani vyeti, kujaza maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira mtandaoni, kadi za mchango na za mwaliko wa harusi. Msimu wa maombi ya vyuo foleni inafika barabarani. Kazi zote hizo zinapita kwenye laptopu moja, HP EliteBook 840 G3, ambayo niliinunua Kariakoo mwaka 2021 kwa shilingi laki nne na themanini. Kama umewahi kununua laptopu ya mtumba Afrika Mashariki, bila shaka umeiona: ya rangi ya fedha, nzito kidogo, imara. Prosesa yake ni i5-6300U, yaani kizazi cha sita cha Intel, ambacho kiliingia sokoni mwaka 2015. Ilikuja na RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256.

Yangu ilitokea Denmark. Sikuambiwa na muuzaji, kibodi yenyewe ndiyo iliyosema. Kulia kwa herufi L kuna kitufe cha Æ, kinachofuata ni Ø, na kando ya P kuna Å. Windows nimeipangia kibodi ya Kimarekani, kwa hiyo kinachoandikwa kwenye kitufe na kinachotokea kwenye skrini ni vitu viwili tofauti. Kila nikichapa ng'ombe, ng'ambo au Ng'wanza, ule mkato wa juu naupata kwa kubonyeza Ø. Vidole vyangu vimeshazoea, ila mpwa wangu anayenisaidia wakati wa likizo huwa anatafuta kama kuku aliyepoteza kifaranga. Chini ya mashine kuna stika nyeupe yenye namba ya mali ya ofisi fulani, imekwanguliwa nusu.

Jioni ile nilishusha ile programu ya Microsoft ya kupima kama kompyuta inafaa kwa Windows 11. Jibu lilikuja na alama mbili nyekundu. Prosesa haimo kwenye orodha. TPM, chipu ya usalama, ni toleo la 1.2, inatakiwa 2.0. Mengine yote, RAM, nafasi ya diski, skrini, yalikuwa ya kijani. Ni sawa na kwenda kwenye usaili una vyeti vyote, halafu ukaambiwa mwaka wako wa kuzaliwa haukubaliki.

Turudi nyuma kidogo. Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015, na mwaka huohuo mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema jukwaani kwamba hiyo ndiyo Windows ya mwisho, kwamba kuanzia hapo itakuwa inaboreshwa tu. Oktoba 5, 2021 ikatoka Windows 11, ikiwa na masharti ambayo hayakuwahi kuonekana kabla: TPM 2.0, na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, na vivyo hivyo kwa mshindani wake AMD kuanzia miaka hiyohiyo. Kizazi cha nane kilianza kutoka mwaka 2017. Maana yake ni kwamba siku Windows 11 inazinduliwa, kulikuwa na kompyuta za miaka minne au mitano tu ambazo tayari zilikuwa zimefungiwa mlango. Kizazi cha saba kiliachwa nje karibu chote, isipokuwa prosesa chache. Mojawapo ni i7-7820HQ, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Surface Studio 2, kompyuta ya Microsoft wenyewe. Mwenye nyumba hakosi ufunguo wa mlango wa uani.

Lakini nisiwe mtu wa kulaumu tu. Nilipokaa kusoma kwa nini kizazi cha nane, nilikuta sababu zenye uzito. TPM ni chipu ndogo inayotunza funguo za siri za mashine, ili hata mwizi akichomoa diski yako na kuiweka kwenye kompyuta nyingine asisome kitu. Kuhusu prosesa, kuna ulinzi fulani wa Windows unaozuia virusi visijipenyeze kwenye kiini cha mfumo, na ulinzi huo unategemea uwezo ambao Intel ilianza kuuweka ndani ya prosesa kuanzia kizazi cha saba. Kwenye prosesa za nyuma yake ulinzi huo unawezekana, ila kazi inafanywa kwa kuigiza, na mashine inakuwa nzito. Kwa hiyo waliochora mstari walikuwa na sababu ya kuuchora. Kinachobishaniwa ni kama anayesimama nyuma ya mstari aambiwe "utapata ulinzi pungufu" au aambiwe "ondoka".

Njia zilikuwa nne. Kununua mashine mpya, hapana, mwezi huo nilikuwa nimetoka kulipa kodi ya fremu ya miezi sita. Ya pili ni kujiandikisha kuongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama ya Windows 10, mpaka Oktoba 13, 2026. Kwa watumiaji wa kawaida ni dola 30, au bure ukikubali kuunganisha mipangilio yako na akaunti ya Microsoft. Ni njia nzuri, na ndiyo niliyomshauri dada yangu, ambaye laptopu yake ni ya kuangalia tamthilia na kusoma barua pepe. Ya tatu ni kuhamia Linux, mfumo mwingine wa bure, nitaifikia. Ya nne ni kuipiga Windows 11 kwa kuruka yale masharti.

Mpwa wangu alisita kwenye ya nne. "Mjomba, wameandika hapa. Ukiweka kwenye mashine isiyokidhi, hawakuhakikishii masasisho, na ikiharibika garantii haihusiki."

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anasubiri laminesheni akageuka. Garantii ipi? Hii mashine garantii yake iliisha ikiwa ingali Denmark, mezani kwa mtu nisiyemjua. Mimi niliponunua nilipewa garantii ya "iwashe hapahapa uone". Nilisimama pale Kariakoo, nikafungua, nikajaribu spika, nikajaribu chaja, nikalipa, nikaondoka. Neno lao ni "haiungwi mkono". Sasa sisi watu wa mitumba tangu lini tumeungwa mkono? Kioo kikipasuka ni fundi. Betri ikivimba ni fundi. Tangu siku ya kwanza mashine hii mdhamini wake ni mimi. Tarehe 14 Oktoba ilikuwa inakuja kuninyang'anya kitu kimoja tu ambacho kweli nilikuwa nakipata kutoka kwa mwenye mali: masasisho ya usalama ya kila mwezi. Hicho ndicho nilikitaka, na hicho Windows 11 ilikuwa nacho.

Nilipita kwa fundi kwanza. "Bosi, elfu ishirini tu, nakupigia Windows 11 kamili na Office yake ndani. Saa moja umeondoka." Ni kijana mwema na mkono wake kwenye kuchomelea ni mwepesi, betri na tundu la chaja simpelekei mtu mwingine. Ila kwenye kupiga Windows hatuelewani. Windows ya mtaani inakuja na kile kiprogramu cha kuifanya ionekane imelipiwa, na ili kiprogramu hicho kifanye kazi lazima kwanza uzime kinga ya virusi. Mtu anakuja kwangu na flashi, naichomeka, mafolda yote yamegeuka kuwa njia za mkato. Flashi hiyo imezunguka stesheneri tatu. Watu wanauliza kama ni hatari kuweka Windows 11 kwenye prosesa ya mwaka 2015. Mimi nawauliza waliyonayo sasa hivi aliwapigia nani, na alizima nini.

Na leseni hata huhitaji kuitafuta. Mashine za maofisini kama hizi zilizaliwa na Windows Pro halali, na ufunguo wake umeandikwa ndani ya chipu ya ubao mama. Ukipiga Windows ya toleo hilohilo na ukaunganisha intaneti, inajitambua yenyewe. Watu wanalipia elfu tano, elfu kumi, "kuactivate" kitu ambacho tayari ni chao.

Basi nikaanza. Faili la Windows 11, toleo la 24H2, lina zaidi ya GB 5. Nilinunua bando la usiku, nikawasha data ya simu, nikaiweka dirishani palipo na mtandao mzuri, nikalala. Alfajiri lilikuwa limeshuka. Kisha nikachukua Rufus, kiprogramu kidogo cha bure cha kutengenezea flashi ya kupigia Windows, ambacho kipo tangu mwaka 2011. Unachagua faili, unachagua flashi, unabonyeza kuanza, kinakuuliza: uondoe sharti la TPM 2.0, Secure Boot na RAM ya GB 4? Uondoe sharti la akaunti ya Microsoft? Unaweka tiki, basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo ya usiku wa manane, amri za kuandika kwenye skrini nyeusi. Zilikuwa tiki mbili.

Hapo ndipo ilipo sehemu ninayoona aibu kuiandika.

Kabla ya kupiga Windows lazima uhifadhi kazi zako mahali pengine. Hilo nawaambia wateja kila siku. Nilikuwa na karibu GB 40 za miaka minne: CV, barua, mikataba ya upangaji, vyeti vilivyoskaniwa, picha za paspoti, na folda ya harusi. Nilihitaji flashi mbili, moja ya Windows na moja ya kuhifadhia. Kijana mmoja anayeuza vitu mkononi karibu na stendi alikuwa nazo, nyeusi, zimeandikwa GB 128, shilingi elfu kumi kila moja. Mimi ninayeuza flashi dukani, ninayejua bei ya flashi, nikanunua mbili. Mawazo yote yalikuwa kwenye TPM.

Nikaichomeka, kompyuta ikasema GB 128. Nikanakili mafolda yote. Yakaenda. Nikafungua folda ya flashi, nikaona majina yote yapo, na ukubwa wa kila faili umeandikwa sawasawa. Nikafungua CV moja kwa kujaribu, ikafunguka. Nikaridhika.

Flashi feki inafanywa hivi, na ni vizuri ujue. Ndani yake kuna chipu ndogo, tuseme GB 8, lakini ule ubongo wake umechezewa useme GB 128. Kompyuta inauamini. Unaponakili, GB 8 za mwanzo zinaandikwa kweli. Baada ya hapo flashi inaendelea kuitikia "nimepokea, nimepokea" huku inamwaga chini. Orodha ya majina huwa imeandikwa mwanzoni, kwa hiyo inabaki nzima. Ukitazama orodha hutagundua kitu. Lazima ufungue faili lililo mwishoni.

Na Rufus ina kisanduku cha kukagua ubovu wa flashi kabla ya kuandika. Ukikiwekea tiki kinaandika na kusoma flashi nzima, na kinazinasa hizi feki. Kinachukua muda. Nilikiona. Nilikiacha.

Jumapili saa nne asubuhi, duka limefungwa, nikabonyeza kitufe cha kuwashia huku nikipiga F9, nikachagua flashi. Ikawaka. Skrini ikauliza lugha, ikauliza kibodi, nikachagua ya Kimarekani, Ø ikabaki kuwa mkato wangu. Haikuuliza habari ya TPM wala prosesa. Ikanipeleka kwenye orodha ya sehemu za diski. Nikazifuta zote, kwa sababu nilitaka kuondoa takataka zote za mafundi waliopita. Nikabonyeza endelea. Mpwa wangu alileta chapati na chai ya rangi. Kabla sijamaliza chapati ya pili mashine ilikuwa imejizima na kujiwasha mara kadhaa, na nikaona ile picha ya ua la buluu. Wi-Fi ilishika, sauti ilitoka, na leseni ikajitambua ndani ya dakika chache baada ya kuunganisha data. Kitu nilichokiogopa kwa mwaka mzima kilikuwa kimekwisha kabla ya adhuhuri.

Saa saba mchana nikachomeka flashi ya kuhifadhia.

Folda ya Ajira ilikuwa sawa. Barua sawa. CV sawa. Nikafika Harusi. Jina la kwanza, kadi ya mchango ya kamati ya Jumamosi ile inayofuata, nikabofya mara mbili. Programu ikajibu kwamba faili haliwezi kufunguka. Nikajaribu la pili. La tatu. Mikataba. Picha. Kuanzia herufi H kwenda mbele hakuna lililofunguka, yote yana jina, yote yana ukubwa, yote matupu.

"Mjomba, tuirudishe kutoka kwenye laptopu," mpwa akasema. "Si kuna programu za kurudisha vilivyofutwa?"

Zipo, na kwenye diski za zamani za kuzunguka mara nyingi zinasaidia. Lakini SSD ikishaambiwa kwamba eneo fulani halitumiki tena, inalisafisha yenyewe kwa nyuma ili iandike haraka siku za mbele. Usiku ule tulikesha tukijaribu. Tulipata vipande vya picha za Windows yenyewe.

Harusi iliokolewa na WhatsApp. Huwa namtumia katibu wa kamati nakala ya PDF aipitie kabla sijaprinti, na ilikuwa bado imo kwenye simu yangu, pamoja na ujumbe wake wa sauti akilalamika kwamba jina la bibi limekosewa. Tukaichapa upya kwa kuitazama. Nakala za vyeti, wenyewe wanazo. Mikataba ya upangaji nilipoteza, watu wanne wamerudi mpaka sasa kuulizia, nimewaandikia upya bila malipo. Picha za paspoti za miaka minne zimekwenda, na kwa kuwa kila mtu hupiga mpya hakuna aliyeulizia, isipokuwa mama mmoja aliyetaka picha ya mwanawe wa kiume aliyefariki mwaka jana. Alikuja mara mbili. Mara ya pili aliniambia, "Basi mwanangu, si kosa lako." Lilikuwa kosa langu.

Na lilikuwa kosa linaloepukika kabisa, hata kwa flashi feki. Ningeweza kuchomeka flashi ya Rufus huku Windows 10 ikiwa inafanya kazi, nikafungua setup, nikachagua kubakiza mafaili na programu. Windows 11 inaingia juu ya ile ya zamani, na kazi zako zinabaki zilipo. Nilikataa njia hiyo kwa sababu ya kupenda usafi. Sasa hivi mtu akiniletea mashine namfanyia hivyo. Na flashi zote ninazouza nazipima kwanza kwa H2testw, kiprogramu cha bure kinachojaza flashi yote kisha kusoma kilichoandika. Katika pakiti ya mwisho niliyochukua kwa jumla, tatu zilikuwa feki. Zile nyeusi mbili ninazo kwenye droo.

Kuhusu maisha ya baada ya hapo, sina mengi ya kulalamika. Niliongeza RAM nyingine ya GB 8, mashine ina nafasi mbili za RAM na kifuniko cha chini kinafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Tofauti niliiona ninapofungua kurasa nyingi za maombi huku Publisher, ile programu ninayopangia kadi, iko wazi. (Publisher nayo Microsoft wametangaza inafikia mwisho Oktoba 2026. Sijui sisi wa kadi za harusi tumewakosea nini.) Ule ulinzi wa kiini nilioueleza nimeuacha umezimwa, mashine ya kizazi cha sita haiubebi kwa raha. Upau wa chini nimeurudisha kushoto. Muunganisho wa data nimeuweka kwenye hali ya kuhesabiwa, la sivyo apdeti zinakula bando lote wakati unajaza fomu ya mtu. Kisoma alama ya kidole kiligoma na sijakihangaikia. Printa kubwa ilihitaji draiva nyingine, nusu saa.

Masasisho ya usalama yanakuja Jumanne ya pili ya kila mwezi: Oktoba 14 ilileta, Novemba 11 ikaleta, Desemba 9 ikaleta. Lile ambalo haliji lenyewe ni toleo jipya la mwaka. Mashine zilizo kwenye orodha zinaletewa nyumbani, sisi wa nje ya orodha tunalifuata wenyewe, kwa flashi, kama mwanzo. Na siku yoyote wanaweza kuongeza sharti ambalo tiki ya Rufus hailiruki.

Hilo nalijua kwa sababu nina mashine ya pili. Ni ya mezani, Core 2 Duo, ndiyo niliyoanzia nayo biashara, iko pembeni kwa wateja wa kuchapa wenyewe. Nikiwa na kiburi cha ushindi nilichomeka flashi ileile. Haikufika hata kwenye kuchagua lugha. Kuanzia 24H2, Windows inatumia maagizo fulani ya prosesa, POPCNT mojawapo, ambayo Core 2 Duo haikuzaliwa nayo. TPM ni sharti la karatasi, linarukika. Hili halirukiki, ni sawa na kumwimbia wimbo mtu asiye na sikio.

Hiyo nikaipiga Linux Mint 22, ile nyepesi ya Xfce. Itapata masasisho mpaka mwaka 2029, bila kuuliza imezaliwa lini. Wanafunzi wanaitumia na wengi hawajagundua kwamba si Windows, wanachotaka ni intaneti na pa kuandikia. Kama biashara yangu ingekuwa barua tupu, hata laptopu ningeihamishia huko. Lakini mteja akileta CV yenye majedwali iliyoandikwa kwenye Word, ukiifungua kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, mistari inahama, na anayetafuta kazi hataki kusikia maelezo. Kadi za harusi ndiyo kabisa.

Mwalimu alirudi wiki mbili baadaye, barua ya pili ya kiwanja. Shikamoo, marahaba, akaketi palepale. Nikamgeuzia skrini ahakiki majina. Akakagua majina, kisha akakagua na pembe zote za skrini.

"Lile tangazo limekwenda wapi?"

"Nimeiwekea mfumo mpya, mwalimu."

"Kumbe umeiongezea mkataba."

"Mwaka mmoja mmoja."

"Ndivyo wanavyotuongezea," akasema, akatoa elfu mbili mfukoni.

Toleo la 24H2 nililonalo kwenye Pro linahudumiwa mpaka Oktoba 13, 2026. Nimeizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, pembeni yake nimeandika "Piga toleo jipya", na chini yake mpwa wangu ameongeza kwa mwandiko wake mbaya: "PIMA FLASHI".